Mhuri Kwenye Ukurasa wa Majina

Admin, ficha jina langu kabisa, hata wadi usiitaje, na tafadhali weka hii leo leo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina watoto wawili na naishi hapa Kisii. Wenye hamu ya kunitukana nawaomba msome mpaka mwisho, kisha mtukane.

Kazi yangu ni kushawishi serikali. Shirika letu ni dogo, watu wanne na printa moja inayokwama. Tunaandika mapendekezo, tunawafuata wawakilishi wadi mpaka kwenye harusi zao, tunawabembeleza wapitishe sheria. Mwaka huu tulikuwa na mswada mmoja tu, kaunti ijenge makao ya kuwahifadhi wazee wanaosingiziwa uchawi. Mnaotoka huku mnanielewa. Mama mzee akibaki peke yake na shamba zuri la majani chai, hakawii kuitwa omorogi, mchawi, na petroli inatafutwa.

Wawakilishi walitusikiliza, wakanywa chai yetu, kisha mmoja akaniambia, "Madam, hizi ni hadithi. Leta majina na vijiji ndio tujue hii shida iko." Nikazunguka miezi miwili, nikapata akina mama kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa Mama Kwamboka, mjane wa upande wa Marani, aliyenipikia ndizi na kunishika mkono muda wote tukizungumza. "Andika, mwanangu," aliniambia, "lakini hapa kwetu wasijue nimesema." Nikamwahidi.

Sasa sikieni ujinga wangu. Majina niliyaweka ukurasa wa mwisho wa mapendekezo. Zamani karatasi zetu ziliwahi kunyofolewa kurasa, kwa hiyo siku hizi siondoki kaunta ya bunge la kaunti bila kila ukurasa kupigwa mhuri wa kupokelewa. Karani aliniambia ule wa kwanza unatosha. Nikamgombeza mpaka akagonga zote, nikatoka nikijiona mjanja. Lakini wananchi wana haki ya kuona kila kilichowasilishwa, na kwenye kikao cha kukusanya maoni nakala ziligawiwa ukumbini. Nilipaswa kuuondoa ule ukurasa mapema. Sikuuondoa, nilikuwa nje nikimbembeleza mwakilishi mwingine.

Mtu akaupiga picha ukurasa ule peke yake. Majina kumi na mawili, vijiji, na mhuri wa bunge, maelezo hakuna. Kwenye makundi ya WhatsApp ikasambaa kwamba serikali imethibitisha wachawi.

Kesho yake saa nane mchana Mama Kwamboka alinipigia. "Mwanangu, wamekuja. Wana karatasi yako." Simu ikakatika. Nilichukua boda mbio, lakini nilipofika paa lilikuwa limeshaanguka. Walikuwa wamemtoa nje, wakampiga kwa mawe na mipini ya majembe, kisha wakamrudisha ndani akiwa hai na kufunga mlango kwa waya. Ile harufu haijanitoka, hata nikioga mara tatu. Jamaa mmoja mwenye masizi mikononi alininyooshea simu yake. "Si hii hapa? Iko na mhuri! Hata serikali inamjua!" Nikarudi nyuma hadi kwenye boda. Niliogopa wangenitupa humo humo.

Wale kumi na mmoja tuliwahamisha siku hiyo hiyo, wanalala kwenye ukumbi wa kanisa mpaka leo.

Mwanawe Mama Kwamboka, Onchiri, alikuja kutoka Nakuru akakuta majivu. Waliochoma walikuwa kijiji kizima, na hangeweza kupigana na kijiji kizima, kwa hiyo akatafuta mtu mmoja. Jirani yao, Mzee Ombati, walikuwa wakigombania mpaka wa shamba tangu zamani, na siku ya kikao alionekana ukumbini. Onchiri akaamua kwamba huyo ndiye aliyepeleka jina la mama yake. Alimvamia asubuhi akichuma chai na mkewe. Panga la kwanza lilichukua vidole vitatu, la pili likapasua bega. Mke wa Ombati alimrukia Onchiri akamng'ata mkono, hakuachia, mpaka mzee akapata nafasi ya kukimbia. Sasa mzee amejificha kwa jamaa zake, na hata polisi hataki kwenda, anasema akionekana tu atauawa.

Nilimwambia mkurugenzi wetu kwamba nataka kusema ukweli. Akafunga mlango wa ofisi. "Ukisema, mswada umekufa. Hao kumi na mmoja utawalinda na nini, machozi?" Kisha akaniomba picha za nyumba iliyoungua, akawaonyeshe wawakilishi kabla ya kupiga kura. Nilimrushia kikombe, kikamkosa kikapasukia ukutani. Picha nikampa.

Jana tulimzika Mama Kwamboka. Onchiri, mkono ukiwa na bandeji, alinikumbatia mbele ya watu wote. "Dada, ni wewe tu ulimjali mama. Wacha nimalizane na huyo mzee, halafu nitajipeleka polisi mwenyewe." Nilifungua mdomo nimwambie kwamba Ombati hajui lolote, kwamba jina la mama yake liliandikwa na mkono huu huu ambao mama mwenyewe aliushika. Nikasema pole.

Nikimwambia, panga litahamia kwangu, na watoto wangu wako hapa ndani. Mswada nao utaanguka, na wale akina mama watarudishwa kwa watu wanaowangoja. Nikinyamaza, mzee asiye na kosa atakatwakatwa kwa kosa langu. Msiniambie niombe, nimeomba mpaka magoti yamechubuka. Najichukia.

Nikiwa naandika haya, Onchiri amenitumia ujumbe. "Dada, nimejua amejificha wapi. Naenda kesho asubuhi." Ameona nimeshausoma, na anangoja jibu. Jamani, nambieni, nimjibu nini?