Mrija wa Kapteni

Enzi zetu, ukipewa kazi ya mtu mzima ulikuwa huulizi mara mbili. Ndiyo maana Jumamosi ile, nyumbani Msambweni, mjomba Hamisi aliponinyooshea koleo la kuhasia na kusema, "Haya msomi, Kapteni ni wako," nililipokea. Natamani mpaka leo ningalimwambia, "Tumngoje Bibi."

Kapteni alikuwa beberu wa Bibi, mama yake mama. Lakini kwanza niwaeleze usomi wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kidato cha tatu huko Kwale. Nyinyi wa rika langu mwaikumbuka harufu ya maabara: fomalini, mafuta ya taa, na maharagwe yakiungulia jikoni. Mwalimu Mutua, mcheshi kutoka bara aliyetufundisha bayolojia, alituagiza tulete wanyama madume tulinganishe mrija upitishao mbegu. Sisi wa pwani tukaja na papa mdogo ndani ya ndoo. Wengine walikamata chura kwenye mpunga, mmoja akamwiba jogoo wa mamake, na sehemu za mbuzi zikatoka kwa mchinjaji.

Wasichana walijiziba nyuso kwa mitandio, wavulana tukakohoa kikohozi cha uongo. "Mwachekea bomba?" Mwalimu akafoka. "Fundi wa maji huchekea bomba?"

Tukainama, tukaona maajabu. Mrija wa papa umejikunjakunja, umeazimwa kwenye figo. Chura ndiye bahili kabisa: mkojo na mbegu hupita njia moja. Jogoo ana mrija wake mwenyewe, lakini korodani amezificha ndani, chini ya uti wa mgongo. Na mbuzi? Mrija watoka kwenye korodani huko nje, wapanda hadi tumboni, waruka juu ya mrija wa mkojo, kisha washuka tena.

"Mbona wazunguka hivyo?" tukauliza.

"Korodani zilianza juu, karibu na figo, kisha zikashuka," akasema. "Kama mimi. Nimeshuka pwani, lakini kamba yangu bado imefungwa Machakos."

Tulicheka mpaka kengele ikalia. Vijana wa siku hizi huyatazama hayo kwenye simu, kidole kimoja, wakipiga miayo. Papa wa kwenye simu hanuki.

Basi nikarudi nyumbani kifua mbele. Mjomba Hamisi alikuwa anaoa, akataka Kapteni ahasiwe, anenepe na aache kunuka kabla ya harusi. Bibi alikuwa Kwale, matangani. Nilijua kwamba Kapteni ndiye mbegu ya zizi zima, na kwamba kwetu beberu hahasiwi mpaka aache mwanawe wa kushika nafasi yake. Kapteni hakuwa na mrithi. Lakini vijana wa mtaa walikuwa wamepanga mstari uani, wakingoja kumwona msomi.

Nikapapasa, nikauona mrija chini ya ngozi, mgumu kama kamba ya kiatu. Nikabana koleo. Upande huu, kisha ule. "Hakuna damu, hakuna kidonda!" nikahubiri. Wakanipigia makofi.

Bibi akarudi siku ya pili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona Kapteni atembea kama bwana harusi aliyebanwa na kanzu?"

Nikamweleza kwa fahari, nikamchorea mirija yote mchangani, kuanzia papa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi, mwanangu, uunge."

"Hauungiki, Bibi."

"Huyo mwalimu wako alikufundisha kubana tu?"

Mjomba alicheka. Bibi hakucheka. Aliufuta mchoro wangu kwa wayo, polepole, akaenda kufunga mbuzi.

Miezi mitatu baadaye harusi ilifana, na nyama ya Kapteni ilikuwa laini, nami nilikula. Bibi alijaribu mabeberu wa kuazima, lakini wana walitoka dhaifu, wakafa wangali wakinyonya. Zizi likapungua hadi zikabaki alama za kwato za zamani kwenye udongo. Bila mbuzi wa kumwamsha alfajiri, Bibi akasema Msambweni hapana kazi yake tena. Akahamia Kwale kwa mama mdogo, mlimani, akafia huko.

Leo nakunywa chai ya maziwa ya pakiti. Jumamosi ile ilinigharimu zizi la Bibi, na Bibi mwenyewe nyumbani kwetu kwa miaka yote aliyokuwa amebakisha.