Kanzu ya Kumpokelea Binti

Kanzu ile niliishona mwaka binti yetu alipopata kazi China. Mume wangu aliitaka mwenyewe: nyeupe, yenye darizi shingoni kama wavaavyo kwetu Tanga, ya kuvaa siku moja tu, siku ya kwenda uwanja wa ndege kumpokea. Nilimcheka. Mlinzi wa jengo la ofisi Sandton, huku Afrika Kusini, maisha yake yote sare na buti, leo anataka darizi. Lakini nilimpima, nikakata.

Binti tulimzaa hapahapa Johannesburg, akakulia chini ya meza yangu ya kukatia, kwenye kiduka changu cha ushonaji Kensington. Alisoma China kwa ufadhili, akabaki huko kwenye kampuni inayotengeneza programu za kuchorea chipu, vile vidude vinavyoendesha simu na kila mashine siku hizi. Sikuelewa kitu. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Mama, chipu ni kama nguo. Ina nyaya kibao, nyembamba kuliko unywele, huwezi kuchora na mkono. Hiyo programu ndiyo mkasi, ndiyo tepu, ndiyo paterni. Wamarekani walikuwa wanawauzia Wachina, sasa wamewabania. Eish, lazima tutengeneze yetu."

Hapo nikaelewa, na nikawaonea huruma Wachina. Fundi kunyimwa mkasi ni kutukanwa. Nilishangilia kabisa, mjinga mimi.

Kwanza zikaja habari za simu. Kila asubuhi wafanyakazi wanaziacha mlangoni mwa kampuni, kwenye visanduku vyenye kufuli, mpaka watoke usiku. Kisha likizo zikafutwa hadi programu ikamilike na chipu ya kwanza iliyochorwa nayo ijaribiwe. Paspoti zikakusanywa ofisini. Baba yake hakukasirika. "Mimi nimelinda milango," aliniambia. "Mwenye siri ya jengo haachiwi atoke ovyo. Wana haki." Nikamwambia haki hiyo aipeleke Sandton. Mataifa mawili yenye kila kitu yanagombea ubabe, halafu anayenyang'anywa mtoto ni mimi, mshona mapazia wa Kensington. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Kisha figo za mume wangu zikaanza kushindwa. Binti alijua baba anaumwa, hakujua kiasi gani, kwa sababu kwenye simu ya video mzee alikaa wima, kofia kichwani, na mimi nikiwa pembeni nimekatazwa kusema. "Amalize kwanza," alisema. "Akija katikati, hawatamrudisha kazini."

Kila akiijaribu kanzu ilimpwaya zaidi. Nikawa naipunguza ubavuni. Kitambaa kilichozidi sikukikata. Nilikikunja ndani ya mshono, maana mtu akinenepa tena unafumua tu, nguo inarudi kama zamani. Mafundi wote wazuri hufanya hivyo. Mimi nilifanya hivyo kwa ubishi. Mwishowe mikunjo ikawa mizito hata mabega yakavutika, na bado sikushika mkasi.

Saa za China hazikumwingia kichwani. Alipiga simu wakati binti yuko kazini na simu imefungiwa mlangoni, ikaita weee, naye akaridhika. "Akitoka ataona baba yake alimtafuta."

Alifariki alfajiri, siku ya kazi. Nikachukua simu yake, ndiyo iliyokuwa na kifurushi cha kupigia China, nikapiga. Ikaita. Nikapiga tena na tena. Jirani akasema tumwandikie ujumbe. Nilimkatalia kwa ukali. Kwetu msiba wa baba hauandikwi kama bei ya nyanya. Mtoto anaambiwa kwa mdomo, amekaa kitako, na wa kumshika yupo. Nikawakataza wote wasitume chochote.

Kumsubiri nako hakukuwezekana, maana maiti hacheleweshwi. Sanda niliikata mwenyewe, kwa mkasi wangu wa kila siku. Sanda haishonwi. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatia mume wangu nguo ambayo sitaweza kuifumua. Baada ya adhuhuri wanaume wakamchukua.

Alasiri, wanawake wakiwa wamejaa sebuleni, simu yake ikaita mapajani mwangu. Nikapokea. Hakungoja nifungue mdomo.

"Baba! Nimeona ulivyonipigia, mara nyingi hivyo, sorry, nilikuwa ndani. Baba, imekubali! Chipu imefanya kazi! Tumemaliza, wamenirudishia paspoti, nakuja nyumbani. Mwambie Mama ainyooshe ile kanzu!"

Sauti yake ilikuwa kubwa, kila mtu aliisikia. Wanawake wakainamisha vichwa. Kanzu ilikuwa inaning'inia palepale, kwenye msumari nyuma ya cherehani yangu ya nyumbani.

"Baba? Unanisikia?"

"Mwanangu," nikasema, "ni mimi. Uko na nani hapo?"

"Mama! Niko peke yangu, nimesimama kwenye basi. Mpe Baba simu kwanza."