Chafya za Mkadi

Jirani yetu wa Pangani alikuwa akitunga vikuba vya maua, wanawake wavae kifuani. Vidole vyake havikukosa unga wa mkadi, ua lenye harufu kali, na kila fundo alilikaza kwa meno. Mwaka 1954 nilipiga chafya kila mke wangu Muzna alipojipamba kwa kikuba chake. Nilikuwa nimesoma nusu ya kitabu cha tiba, basi nikatangaza kuwa nina kifua kikuu, nikamwambia Muzna arudi kwao asiambukizwe. Jirani aliposikia, akaja akaninusisha asumini, kimya. Rehani, kimya. Mkadi, chafya tisa.

“Shemeji msomi, wataka kumwacha mwenzio kwa sababu ya ua?” akaniuliza.

Tangu hapo kikuba cha Muzna hakikutiwa mkadi, naye jirani alinawa mikono kabla ya kunisalimu. Siku hizi wanawake hununua manukato ya chupa, vikuba hawavai tena. Sijapiga chafya miaka mingi, na sioni faida ya nafuu hiyo.