Upepo wa Kabambare

Hemedi Kilanga alikaa siku kumi na mbili katika gereza la Kasongo kwa sababu ya maneno matatu aliyoyasema kwenye kiwanja cha ndege. Hakuyakana. Hakimu aliyetumwa kutoka Kindu alipaswa kuamua kama maneno hayo yalikuwa ya uongo. Kama ndiyo, Hemedi angefungwa miaka mitano, naye alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Kazi yake ilikuwa kuchunga kiwanja. Alifyeka majani, alifukuza mbuzi, na kabla ndege haijaruka alimwambia Bwana Delvaux, msimamizi wa kiwanja, habari za upepo. Kwa kawaida mfuko wa kitambaa uliofungwa kwenye mlingoti ulionyesha kila kitu. Lakini mfuko ulikuwa umepasuka siku ya Jumatano, na mwingine ulikuwa haujaletwa.

Jumamosi ile ya Machi 1956, ndege ya abiria ilikuwa tayari, na watu kumi na wanne ndani. Wingu jeusi lilifunika pande zote. Hewa ilitulia kabisa, hata jani halikutikisika. Rubani alitaka kuondoka kabla ya mvua, ila ilimbidi ajue upepo ungeingilia wapi, kwa maana ndege huruka ikiukabili upepo. Delvaux alimwendea Hemedi kwa baiskeli. Kiswahili alikuwa amejifunza katika kijitabu, kwa miezi saba.

Hemedi alikuwa ameshasikia harufu ya udongo uliolowa kutoka upande wa mto Lualaba, magharibi.

“Upepo wa Kabambare, Bwana,” alisema. “Iko karibu.”

Delvaux alishukuru akarudi mbio. Kabambare iko mashariki, na mvua nyingi za Kasongo hutoka huko. Akamwambia rubani kwamba upepo unatoka mashariki.

Hemedi alipoiona ndege ikienda kusimama mwisho wa magharibi, ikielekeza pua mashariki, alitupa panga lake. Alikuwa amekatazwa kukanyaga njia ya ndege. Aliikanyaga. Alikimbia akipunga mikono yote miwili, na ndege ikampita kwa kasi. Abiria mmoja dirishani akampungia naye.

Magurudumu yalikuwa yameachana na ardhi kwa kimo cha mchikichi mmoja pale upepo ulipofika, ukitokea mtoni, ukaipiga ndege mgongoni. Pua iliinuka. Bawa la kushoto likalala. Ndege iliangukia shamba la mihogo mashariki mwa kiwanja, na mvua ikaanza hapohapo. Hemedi na wakulima walitoa watu wanane wakiwa hai. Sita walikufa, rubani mmoja wao.

Jioni hiyohiyo askari walimchukua. Mke wake, Mwanvua, alimpelekea chakula kila siku, na kila siku mlinzi alimuuliza Hemedi upepo wa leo uko wapi.

Siku ya kusikilizwa, Delvaux alieleza bila hila alichosikia: upepo wa Kabambare, yaani utokao Kabambare. Hakimu alimgeukia Hemedi, na karani Théophile akatafsiri. Kama maneno yake yalikuwa sahihi, kwa nini alikimbia? Je, hakukimbia kwa sababu alijua amedanganya?

“Nilikimbia juu niliona upepo itawapiga mugongo,” Hemedi alisema.

Hakimu akamtuma askari nje alete mtu yeyote ambaye hakuwamo chumbani. Aliletwa Anastasie, mama aliyekuwa akipita na kikapu cha mihogo. Aliulizwa gari ya Kabambare ni gari gani.

“Ile inaenda Kabambare.”

Na upepo wa Kabambare?

“Nayo inaenda kule.”

Inatoka wapi?

“Mutoni.” Alimtazama hakimu, kisha Théophile. “Baba karani, huyu Bwana anataka kusafiri na upepo? Gari iko.”

Théophile alitafsiri yote isipokuwa hayo ya mwisho. Watu wawili wengine walioletwa, mmoja Mwislamu na mmoja mwalimu wa misheni, walijibu vilevile. Kasongo, kitu kinachopita njiani huitwa kwa kule kinakoenda.

Hakimu aliandika kwamba hakuna aliyesema uongo, na kwamba kosa lilikuwa la lugha. Hemedi aliachiwa. Aliposomewa maandishi hayo aliuliza jambo moja tu:

“Lugha ya nani?”

Théophile alikunja karatasi zake. Swali hilo hakulitafsiri.

Jumatatu Hemedi alirudi kazini. Majani ya upande wa mashariki, karibu na shamba la mihogo, hakuyagusa mpaka wiki ya tatu, yalipokuwa yamemfika kiunoni na Delvaux alikuwa bado hajamwagiza kuyakata.