Kahawa ya Mushumbusi Ulingoni

Mushumbusi ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na kwa upole wake angefaa kuwa katekista. Badala yake ni mwanamieleka, tena anayechukiwa kuliko wote kuanzia Bukoba mjini hadi Ngenge. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga wake, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Alianzia kwenye kikundi cha Mzee Aristides pale Ijuganyondo, wakirushana juu ya magodoro yaliyofunikwa turubai. Kila kitu kilipangwa: nani aanguke, nani ashinde. Mushumbusi alikuwa mtu mwema wa kikundi. Alipunga mkono, akapigwa, akashinda, watu wakapiga miayo. Kisha mashabiki wakahamia kwenye mieleka ya Wazungu simuni, na wapiganaji wakahamia mmoja mmoja kwa Julius, mwenye kampuni mpya yenye ulingo wa kamba, taa za rangi na kamera. Mushumbusi alihama wa mwisho, akilia. Najua alilia kwa sababu alikuja kulilia kwangu.

Julius alimwambia wazi kwamba watu wema anao wa kutosha, anataka mtu wa kuchukiwa. Hapo ndugu yangu akabuni upuuzi ambao mtu wa mkoa mwingine asingeuwaza hata kwa homa. Siku ya pambano lake na Aroni, rafiki yake wa tangu Ijuganyondo, aliingia na kikapu cha akamwani, zile buni zetu zilizochemshwa na kukaushwa, anazopewa mgeni atafune ajue amefika kwa amani. Akapiga goti, akampa Aroni kwa mikono miwili. Ukumbi ukashangilia, wakidhani wamepatana. Aroni akatia punje mdomoni, akafumba macho. Mushumbusi akampiga mtama, mwenzake akaanguka chali. Viti vikaanza kuruka.

Julius alimkumbatia kwa furaha. Tangu siku hiyo kila pambano lilitaka kahawa, na video zikaenea wilaya nzima ya Muleba. Mkataba mpya ulimkataza kumwambia yeyote kwamba mambo hupangwa, na akiondoka asipigane kwa kampuni nyingine yoyote. Sokoni mama mmoja alikataa kumuuzia ndizi. Kanisani padri aliposema tupeane amani, jirani yake alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili!

Haya yote aliyavumilia. Lakini alikuwa anampenda Evodia, mwalimu wa shule ya msingi, na baba yake Evodia ni Mzee Rugemalira wa Ijumbi, hukohuko Muleba, mkulima wa kahawa.

Tulipokwenda kuposa, mzee alitukaribisha vizuri tu. Kikapu cha akamwani kikaletwa. Akanipa mimi, akampa shangazi yetu tuliyekwenda naye, kisha akakifunika. Mkono wa Mushumbusi ulibaki umenyooshwa, na mimi nilitamani sakafu inimeze.

"Tata," nikasema, maana ndivyo Wahaya tunavyomwita baba, "umemsahau mwenye safari."

"Sijamsahau. Nimemwona kwenye simu."

Mushumbusi alinitazama, akamtazama Evodia aliyesimama mlangoni. Akisema, kazi imekwenda. Asiposema, mke amekwenda. Akapiga goti, akaanza kwa neno letu la heshima.

"Waitu tata, yale ni maigizo. Aroni ni rafiki yangu. Tunapanga pamoja, wala haumii."

Mzee akacheka kidogo. "Mwanangu, unadhani mimi mjinga? Mtu aliyebamizwa vile angeinuka na kuvaa shati lake? Hilo nalijua, na siri yako haitatoka humu. Nakuuliza kahawa. Nayo ilikuwa ya maigizo?"

"Ilikuwa kahawa kweli, tata."

"Imetoka wapi?"

"Shambani kwetu. Mama ndiye aliyeichemsha."

"Akijua unaipeleka kufanya nini?"

"Alijua ni ya wageni."

Mzee hakupandisha sauti. Alisema mlango hajaufunga. Aiache kahawa, kisha arudi. Njiani kurudi Bukoba Mushumbusi alimpigia Evodia simu, akamwapia kwamba ameiacha. Evodia akasema atakuja kujionea kwa macho yake.

Kesho yake Mushumbusi akaenda kumwomba Julius amruhusu apigane bila kikapu. Julius hata hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alimwambia kahawa imo kwenye mkataba pamoja na jina lake. Kama hataki, akae nyumbani. Na huyu ndugu yangu tangu amalize shule hajui kazi nyingine ila kuanguka bila kuvunjika.

Pambano lilipofika, tena na Aroni, Evodia alikaa kando yangu. Mushumbusi alipanda ulingoni mikono mitupu, nikashusha pumzi. Julius akasogea kwenye kamba, akakiweka kikapu miguuni pa Mushumbusi. Ukumbi mzima ukaanza kuita, "Kahawa! Kahawa!" Nilimwona akitutafuta kwa macho, akatuona. Nilimwomba Mungu ndugu yangu akipige teke kile kikapu.

Aliinama, akakichukua. Aroni akatafuna, akafumba macho, akaanguka chali, na watu wakazomea kwa raha. Evodia alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka.

Mushumbusi alishika kamba ya juu kama anayetaka kuruka amfuate. Aroni akamkamata mguu, kwa sababu ndivyo walivyopanga, na pambano lilikuwa bado bichi.