Njia ya Tuktuk ya Mwero

Siku kizimba cha kwanza cha kutupia chupa za plastiki kilipowekwa mtaani kwetu, huku nyuma ya Diani, Mwero alikipaka rangi mwenyewe, kijani hata mbuzi watatu wakaja kukilamba. Mwero ndiye dereva wa tuktuk ya mradi wa taka. Zamani alikuwa mlinzi wa jumba moja huko Galu, kwake akirudi mara moja kwa mwezi. Tuktuk ndiyo iliyomrudisha kwa mkewe Ummi, akawa anakula nyumbani kila siku, mashavu yakamjaa.

Wakubwa wa mradi walimchorea njia kwenye ramani: vizimba vitano, vyote mbele ya mabaraza ya kahawa, penye watu. Wakampa miezi mitatu. Visipojaa, tuktuk ipelekwe kwengine, naye arudi langoni kule Galu.

Mwezi wa kwanza, vitupu. Wa pili, vitupu hata buibui wakahama kwa upweke. Mwero akapita nyumba kwa nyumba, akiwapa wazee shikamoo, akitubembeleza sisi wanawake. Tukamwitikia inshallah, tukaenda zetu.

Asubuhi moja akainama kutafuta ndara, akakuta magunia manne ya chupa chini ya kitanda. Yeye asema manne. Mie niliyaona kumi.

“Ummi, hata wewe?”

Ummi akainamisha macho. “Baba yako anakunywa kahawa pale penye kizimba kila siku. Nimpitie mkwe wangu na taka za nyumba begani?”

“Mbona basi hukuzichoma, kama wenzio?”

“Ni kazi yako. Nitaichomaje?”

Mwero akavaa ndara zake. Kisha akamwomba Ummi avae buibui, wakatoka pamoja. Wakazunguka vichochoro vyote vya nyuma, kule tunakopita wanawake kwenda kisimani. Ummi akionyesha kwa kidole, Mwero akichomeka kijiti pale kizimba kitakapokaa.

Wakubwa walinuna, wakasema huko tuktuk haipiti. Mwero akaipitisha, vioo vimekunjwa, kuku wamejibana ukutani wakivuta matumbo ndani. Vizimba vikahamishwa penye vijiti. Wiki haikwisha, tukavifurisha.

Mwezi wa tatu ulipotimia, wakubwa walihesabu magunia, wakamwachia funguo za tuktuk. Mchana ule Ummi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mwero akala polepole, kama mtu asiyengojwa popote, akaomba na ukoko.