Meseji Niliyodhani Imefutika

Mimi ni mhudumu wa mgahawa hapa mtaani Kacyiru, na katika miaka yangu arobaini na tatu sijawahi kutulia mji mmoja. Programu yetu ya zamani ya kutuma oda jikoni kwa simu ilishika oda moja tu: ukituma nyingine kabla ya kwanza haijasomwa jikoni, ya kwanza inafutika. Basi nikibanwa na hamu ya kuhama, nilikuwa natuma humo ya moyoni, kisha nayafuta kwa oda inayofuata.

Juzi Mutesi, fundi wa programu, alituwekea foleni ya oda. Alieleza, nami nikaitikia tu bila kusikiliza. Mchana huohuo nikaandika na kutuma: "Mama Keza amenichosha. Mwisho wa mwezi natorokea Bukoba." Haraka nikatuma oda ya isombe mbili, yaani kisamvu, ili kuifuta. Simu ikajibu: "Zote zimepokelewa. Zinangoja zamu."

Mama Keza ndiye mwenye mgahawa, ndiye mpishi, na ninalala stoo kwake.

"Dada, itoe," nilimnong'oneza Mutesi, aliyekuwa bado mezani akiijaribu programu.

"Haitoki, kaka. Hata mtume wote kwa pamoja, hakuna inayopotea."

Spika ya jikoni, inayosoma oda kwa sauti, ikasoma samaki, ikasoma chai, kisha ikasoma yangu, neno kwa neno. Mama Keza akatoa kichwa dirishani.

"Musa, hiyo Bukoba," akauliza, "ni ya kula hapa au ya kubeba?"